Kupiga picha mapambo ya kazi ya mkono yakivaliwa na mtu asiyezoea kamera

Mleta uzi (Dar es Salaam):

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nimeona nifungue uzi huu kwa ajili ya mafundi wa shanga, masonara wa karakana ndogo na wapiga picha wanaowahudumia, kwa sababu kuna hali moja ninayokutana nayo mara kwa mara katika kazi hii. Fundi ana hereni, mikufu na bangili nzuri alizozitengeneza kwa mkono wake, hana fedha za kumlipa mwanamitindo mzoefu, kwa hiyo anamleta mdogo wake, jirani yake au binti wa shangazi yake, mtu ambaye hajawahi kupigwa picha kwa makusudi isipokuwa siku ya harusi au ya kitambulisho. Picha zinapigwa, na zinapotazamwa baadaye shingo imekakamaa, vidole vimekunjwa, macho yanaomba ruhusa ya kuondoka, na pambo lililochukua siku kadhaa kutengenezwa linaonekana kama kitu cha kuokota mnadani. Wengi huhitimisha kwamba kamera ni duni au kwamba binti hafai. Mimi ninaamini kwamba lawama zote mbili hazina haki. Kosa liko katika maelekezo: tunamtaka mtu akae kama sanamu, ilhali pambo limetengenezwa livaliwe, na kuvaa ni kazi ambayo mikono yake imeijua tangu utotoni.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, ambao mengine yote katika uzi huu yanauzunguka, ni kuipa mikono ya mvaaji kazi halisi. Kila pambo lina tendo lake, na tendo hilo huupa mwili umbo zuri bila mtu kufundishwa. Anayevaa hereni huinamisha kichwa kidogo, shingo ikarefuka, na vidole viwili vikashika ndoano kwa wepesi ambao hakuna mwalimu wa mapozi anayeweza kuufundisha kwa asubuhi moja. Anayepitisha bangili ngumu hukusanya vidole vyake pamoja na kulaza dole gumba ndani ya kiganja, na mkono uliokuwa mpana na mzito machoni pa kamera ukawa mwembamba na mrefu. Anayevaa pete huizungusha ikae sawa. Anayefunga kikuku hukaa kwenye ngazi au kwenye kigoda, akainama na kuunyoosha mguu. Katika mkufu, wakati mzuri si ule wa kufunga kisogoni, kwa kuwa hapo mabega yamepanda na viwiko vimeziba picha. Wakati wenyewe huja mara tu baada ya kufunga, pale mikono inaposhuka mbele na vidole vikaugusa mkufu kuuweka katikati ya kifua. Mwombe afanye tendo hilo polepole, alirudie, na ukisema "hapo" asimame alipofika. Aliyesimama katikati ya kazi hana sura ya mtu aliyewekwa, kwa sababu ni kweli hakuwekwa.

Jambo la pili ni mpangilio wa kazi. Wapiga picha wengi huanza na uso, wakidhani kwamba uso ndio mgumu na kwa hiyo umalizwe mapema. Mimi huanza na mikono, kisha masikio kutoka upande, kisha shingo na kifua bila macho, na uso mzima huja mwisho. Mwambie mvaaji wazi kwamba katika picha hizi za mwanzo uso wake haumo kabisa, na mwoneshe kwenye kioo cha kamera ili aamini. Mtu akijua kwamba hatazamwi usoni, pumzi yake hushuka, anaanza kuzungumza, anazoea mlio wa kamera na namna unavyosogea kumzunguka. Na zamu ya uso inapofika, yeye si mgeni tena mahali pale.

Kuhusu mwanga naomba nisisitize kwa nguvu, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za pwani yetu zinapoharibikia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huwa juu sana mwaka mzima, na mapema Machi na tena katika mwezi wa Oktoba hupita karibu kabisa juu ya utosi. Jua la namna hiyo hutia giza kwenye matundu ya macho, na kivuli cha kidevu huangukia palepale mkufu unapokaa. Zaidi ya hayo, asiyezoea kamera hukunja uso juani, na uso ukishakunjwa hata mabega hufuata. Mpeleke kivulini, lakini si kivuli cha ndani kabisa: mweke kwenye baraza au mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, akitazama nje kulikong'aa. Dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja nalo hufaa sana, na likiingiza, pazia jepesi jeupe hulipoza. Mwanga utoke upande ili ugwaruze uso wa pambo, kwa kuwa alama za nyundo, misokoto ya waya na mashimo ya shanga huonekana kwa vivuli vyake vidogo. Mwanga unaopiga kutoka mbele huyafuta yote hayo. Upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe ili irudishe mwanga shavuni. Zima taa za chumbani, maana mwanga wa balbu na mwanga wa mchana una rangi mbili tofauti, na pambo la madini ya fedha huzionesha zote mbili. Angalia pia rangi ya ukuta ulio karibu: ukuta wa kijani hupaka shavu na bangili ukijani ambao ni vigumu kuuondoa baadaye, ilhali ukuta uliopakwa chokaa nyeupe ni msaada wa bure.

Wanaotumia simu wasikate tamaa, ila waepuke kosa la kusogea mno. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 za kamera kubwa, na ukimsogelea mtu kwa lenzi hiyo pua hukua, sikio hurudi nyuma, na hereni uliyokusudia kuiuza huonekana ndogo kuliko ilivyo. Simama umbali wa mita moja na nusu hivi na utumie lenzi ya kuvuta ya 2x au 3x ikiwa simu yako inayo. Kwenye kamera, lenzi ya milimita 85 hadi 100 huheshimu uso na pambo kwa pamoja. Tundu la lenzi lililofunguliwa sana, kama f/2.8, kwa karibu hukupa hereni moja iliyo wazi na ya pili iliyoyeyuka. Mimi hukaa kwenye f/5.6 hadi f/8, yaani tundu dogo zaidi, na kasi isishuke chini ya sekunde 1/200, kwa sababu hereni za kuning'inia huyumba na mtu asiyezoea hujigeuza bila kutangaza.

Kamera na simu hupima mwanga kwa kudhani kwamba dunia nzima, ukiichanganya, ni ya kijivu cha wastani. Ukimweka mtu mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa nguo nyeusi, mbele ya ukuta mweusi, chombo hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, kisha ngozi hufifia na fedha huungua ikawa doa jeupe lisilo na kazi ya fundi ndani yake. Gusa pambo kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga mpaka uone tena mistari ya chuma. Picha iliyo nyeusi kidogo hunyanyuliwa. Iliyoungua haina dawa.

Maandalizi ya mwili nitayataja kwa kifupi. Nusu saa kabla ya kuanza, mvaaji avue saa, mipira ya nywele mkononi na mikanda yote inayobana mabegani, kwa kuwa alama zake hukawia kufutika. Mafuta kidogo kwenye viwiko na vifundo vya vidole, poda kwenye paji la uso, kucha safi. Nguo iwe ya rangi moja isiyong'aa. Pambo lifutwe kwa kitambaa laini kila linapoguswa, na kipande kidogo cha selotepu kisogoni kiuzuie mkufu usizunguke hadi kifungo kikaja mbele.

Ninakaribisha maoni, hasa ya mafundi wenyewe na ya waliowahi kuwa upande wa pili wa kamera.

Mchangiaji, fundi wa shanga (Arusha):

Ahsante sana kaka kwa uzi huu. Naomba niongeze yanayohusu shanga, kwa sababu zina tabia zake. Ile kola bapa ya shanga inayolala mabegani kama sahani huonesha kila kasoro ya mwili uliokakamaa: bega moja likipanda kidogo tu, kola nzima huinama, na mteja hudhani kwamba fundi ndiye aliyekosea kuisuka. Sisi humwomba mvaaji avute pumzi ndefu na kuitoa taratibu, na picha hupigwa pumzi inapokwisha kutoka, kwa kuwa hapo mabega yote mawili yamelala.

Rangi nazo zinataka uangalifu. Shanga nyeupe ndizo huungua kwanza, na nyekundu, ambayo ndiyo rangi tunayoipenda kuliko zote, hujaa upesi kwenye kamera za kidijitali hadi mistari kati ya ushanga na ushanga ikapotea na kubaki bapa moja jekundu. Kwa hiyo ule ushauri wa kushusha mwanga ninauunga mkono kwa nguvu zote.

Lipo jingine ambalo ninalisema kwa heshima. Kwa Wamaasai yapo mapambo yanayoonesha kwamba mwanamke ameolewa, na yapo ya wasichana, na mama aliyeyasuka huumia anapoona picha ambamo msichana mdogo amevikwa pambo la mke wa mtu kwa sababu tu limependeza rangi. Kabla ya kupiga picha, muulizwe aliyetengeneza: hili huvaliwa na nani, na huvaliwa wapi mwilini? Jibu lake huwa pia maelezo mazuri ya kuandika chini ya picha.

Swali langu kwako kaka: kwa nini tusiondoe taabu hii yote kwa kutumia kifua cha mbao au kuyalaza mapambo mezani?

Mleta uzi:

Dada, nakushukuru hasa kwa hilo la kuuliza aliyetengeneza. Ninaliweka katika utaratibu wangu kuanzia sasa.

Kuhusu kifua cha mbao, picha ya mezani inahitajika, na kila pambo liwe nayo, kwa kuwa ndiyo inayoonesha kifungo, ndoano, upande wa nyuma na ufundi wa karibu. Lakini mezani hereni ya sentimita 3 na ya sentimita 6 hufanana, na mteja aliye mbali hawezi kujua kama itamgusa shingoni au itaishia chini ya sikio. Vipimo vilivyoandikwa husaidia, lakini si wanunuzi wengi wanaochukua rula. Mwili wa mtu ndio kipimo ambacho kila mtu anakijua bila kufundishwa. Tena mkufu ulioning'inia kwenye mbao hauanguki kama unavyoanguka juu ya mfupa wa bega la mtu anayepumua. Kifua cha mbao hakina joto, hakina mteremko, na uzito wa pambo hauonekani juu yake. Kwa hiyo ninatumia vyote viwili, na kama muda unabana, ninapunguza picha za mezani kabla ya kupunguza za mwilini.

Mchangiaji, sonara (Lamu):

Assalamu alaykum. Nimefurahi kuona mazungumzo haya, na ninapenda kuleta upande wa fedha.

Fedha iliyosuguliwa vizuri ni kioo. Majasi, yale mapambo ya duara ya masikioni ya akina mama wa Lamu, yakisuguliwa huonesha kila kilicho mbele yake, pamoja na mpiga picha na shati lake. Mpiga picha avae nguo isiyo na rangi kali, kijivu au nyeusi, na asisimame mahali ambapo chuma kinamtazama yeye. Njia yetu ni kumwomba mvaaji ageuze kichwa kidogo sana, kiasi cha upana wa kidole, mpaka kinachoonekana ndani ya fedha kiwe ile kadibodi nyeupe. Kisha tunaongeza kipande cha kitambaa cheusi pembeni, nje ya picha, ili ukingo wa pambo upate mstari wa giza. Bila mstari huo fedha nyeupe huchanganyika na mwanga na kupoteza umbo lake. Pete zetu zinazopachikwa vipande vya kauri za kale nazo huwa na mng'ao wa aina mbili, wa fedha na wa kauri, na bila mwanga wa pembeni maua yaliyochorwa kwenye kauri hayaonekani.

Kwa wale ambao wavaaji wao ni wanawake wanaojisitiri, wasidhani kwamba kazi imekwama. Buibui nyeusi isiyong'aa ni mandhari bora kuliko kitambaa chochote cha studio, na kidani cha fedha juu yake hutoka vizuri mno. Bangili na pete zinahitaji mikono tu. Hina ni uzuri wake, lakini ikiwa imejaa maua hadi kwenye vifundo, jicho la mteja hubaki kwenye hina na pete ikasahaulika. Kwa siku ya picha, hina ya ncha za vidole inatosha.

Na jambo la adabu: mpiga picha mwanamume asipeleke mkono wake kwenye shingo au sikio la binti wa watu ili kurekebisha pambo. Awepo fundi mwenyewe, ikiwa ni mwanamke, au dada au shangazi wa mvaaji, na yeye ndiye arekebishe. Hilo ni heshima, na pia hufanya picha kuwa nzuri, kwa kuwa binti anayeogopa kuguswa na mtu asiyemjua hawezi kulegeza mabega.

Mleta uzi:

Waalaykum salaam, fundi. Umesema jambo ambalo ningeliweka juu kabisa ya uzi wangu. Mtu wa kurekebisha mapambo si wa ziada. Bila yeye kazi haiendi, na ninawaomba wapiga picha wote waliopo hapa walichukulie hivyo.

Mchangiaji (Morogoro):

Mimi nimewahi kuwa huyo binti mnayemzungumzia, nilivaa mikufu ya dada yangu kwa ajili ya ukurasa wake wa biashara, kwa hiyo naomba niseme yaliyonisaidia na yaliyonisumbua.

Kilichonisumbua zaidi ni neno "jiachie". Niliambiwa nijiachie tena na tena, na kila nilipoambiwa nilizidi kukaza, kwa sababu sikujua niachie kitu gani. Siku nyingine, mpiga picha mwingine aliniambia "shusha bega la kushoto, sukuma kidevu mbele kidogo kisha kishushe", na nikaweza mara moja, kwa kuwa hayo ni mambo ambayo mwili unayaelewa. Pili, nilisumbuka pale dada na mpiga picha walipotazama kamera pamoja na kunong'ona. Huenda walikuwa wanazungumzia mkufu, lakini anayetazamwa hujihesabu yeye. Semeni kwa sauti, na mkisema kuhusu pambo, litajeni pambo: "mkufu umepinda", si "hapa pamekaa vibaya".

Kilichonisaidia ni kujua mapema kazi itachukua muda gani, kuoneshwa picha chache nzuri za mwanzo, na kukubaliwa nivae kwanza pambo nililolipenda mimi mwenyewe. Nilitamani pia kuwe na kioo karibu na kamera ili nijione. Je, mleta uzi anasemaje kuhusu kioo?

Mleta uzi:

Dada yangu, maelezo yako yana thamani kubwa kuliko yangu, kwa sababu wewe umelibeba jambo hili mwilini. Ninakubaliana nawe kabisa kuhusu "jiachie".

Kuhusu kioo karibu na kamera, hapo tunatofautiana. Nimeona kwamba mtu anayejitazama huku anapigwa picha huanza kujisahihisha, macho yanakimbia kati ya kioo na lenzi, na sura anayoitoa ni ile anayoijua ya kujitazama chumbani, yenye midomo iliyobanwa. Lakini kioo kikiwa sehemu ya tendo ni jambo jingine kabisa. Kiweke kando ya dirisha, mvaaji akitazame akivaa hereni zake kama anavyofanya siku zote anapotoka nyumbani, nawe piga picha kutoka upande. Hapo anajiona kama ulivyotamani, macho yana mahali halali pa kwenda, na tendo ni la kweli. Kwa hereni sijapata njia inayoishinda hiyo.

Mchangiaji (Nairobi):

Hamjambo. Sisi huku tunafanya kazi nyingi za shaba, pembe na mifupa ya ng'ombe, na ninataka kuzungumzia mambo mawili ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni ngozi ya mvaaji. Simu nyingi zina mpangilio wa kurembesha uso ambao hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe bila kuulizwa. Uzimeni kabla ya kuanza. Shaba na dhahabu hung'aa juu ya ngozi nyeusi kwa namna ambayo haipatikani kwingine, na kuifuta ngozi hiyo ni kumvunjia heshima mvaaji na kuliharibia pambo lenyewe mandhari yake. Historia ya upigaji picha ina deni hapa: kwa miaka mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Sisi tunaopiga picha leo hatuna sababu ya kuendeleza upungufu huo kwa mikono yetu wenyewe. Binti asiyezoea kamera akiona picha yake na akajitambua, ngozi yake ni ngozi yake, atakuwa tayari kurudi siku nyingine.

La pili ni ridhaa. Watu husema "ni mdogo wangu tu" na kuiweka picha yake mtandaoni, kwenye mabango na kwenye vifungashio bila karatasi yoyote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza sehemu moja ya starehe faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizotolewa bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nako kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andikeni karatasi fupi inayosema picha zitatumika wapi na kwa muda gani, mvaaji amelipwa nini, na afanye nini akitaka ziondolewe. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini na awepo.

Mleta uzi:

Ndugu, ninaunga mkono yote mawili. Kuhusu malipo niongeze tu kwamba hata pale fedha hazipo, asiondoke mikono mitupu. Mafundi wengi humpa mvaaji pambo moja achague mwenyewe, na hiyo ni haki, mradi makubaliano yafanyike kabla ya kazi, maana likisemwa baada ya kazi huwa fadhila, nalo si fadhila.

Karatasi yenyewe ina faida nyingine ambayo sikuitarajia nilipoanza kuitumia. Mtu anapoisoma na kuuliza maswali yake tukiwa tumekaa, kabla kamera haijatoka kwenye mkoba, huanza kujiona kama mshiriki wa kazi, na hilo huonekana katika namna anavyosimama.

Mchangiaji, fundi wa shanga (Arusha):

Kaka, swali la mwisho kutoka kwangu. Kuna wateja wananiletea pete za fedha zenye tanzanaiti na wanataka picha kwenye mkono wa mtu. Kila picha rangi ya jiwe inatoka tofauti, na mteja analalamika kwamba tumebadilisha. Tufanyeje?

Mleta uzi:

Dada, si wewe wala si kamera. Tanzanaiti, ambayo hadi leo huchimbwa Mererani peke yake, ni jiwe linaloonesha rangi tofauti kulingana na upande linapotazamwa, buluu, zambarau na wekundu wa divai, ingawa ukataji huchagua rangi ipi itawale. Mwanga nao huchangia: kwenye mwanga wa mchana hujielekeza kwenye buluu, na kwenye mwanga wa njano wa balbu huvuta zambarau. Kwa hiyo usitafute rangi moja ya kweli. Piga kwenye mwanga wa dirisha, taa zote zikiwa zimezimwa, na uifunge rangi ya kamera kwenye mpangilio wa mchana ili isijibadilishe yenyewe kati ya picha na picha.

Kisha mwombe mvaaji aitazame pete yake kama anavyoitazama mtu aliyevishwa jana: anyooshe mkono, ageuze kiganja polepole kuelekea dirishani na kurudi, vidole vikiwa na nafasi kidogo kati yake. Tendo hilo hulizungusha jiwe lote mbele ya lenzi bila yeye kufikiria vidole vyake vimekaaje. Piga mfululizo, chagua picha ya buluu, ya zambarau na moja iliyo katikati, ziweke zote tatu kwenye tangazo, na andika chini yake kwamba ni pete ileile katika mwanga uleule wa dirisha.